Peleti zinavunjika, mashine inaziba, jiko linatoa moshi: anza kuangalia hapa kabla hujashika spana

Wengi wakinipigia simu kuhusu mashine ya kubana maranda kuwa peleti za kuchoma, sentensi ya kwanza ni ile ile, "fundi, mashine imekufa". Mi nauliza kitu kimoja tu, maranda yako yana unyevu gani? Kimya. Alafu ndo anasema "ni makavu tu, tumeyaanika". Makavu kiasi gani? "Makavu, we njoo uone." Basi hapo najua begi la spana linaweza kubaki nyumbani, kinachohitajika ni mzani.

Huku Mafinga maranda si shida, ding dong, zile mashine ndogo za kupasua magogo, zinapasua mbao za shamba la miti la Sao Hill na za wakulima binafsi, milima ya unga wa msumeno iko kila kona na mingine inachomwa moto tu hivi hivi. Shida ni kwamba ule unga unatoka kwenye gogo bichi, na gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mtu anauanika siku mbili juu ya turubai, juu unakauka unakuwa mweupe, chini bado unanata, anauchota wote kwa pamoja anaumimina kwenye mashine. Alafu mashine inalaumiwa.

Peleti ninazozungumzia ni za mbao, vile vijiti vya milimita 6 au 8. Hazina gundi. Ndani ya mbao yenyewe kuna kitu kinaitwa lignini, ikipata joto na kubanwa inalainika, peleti ikipoa inashika. Maji kidogo yanaisaidia hiyo lignini ilainike mapema, maji yakizidi yanageuka mvuke ndani ya tundu la mashine, peleti ikichomoza tu mvuke unataka kutoka na unaipasua. Maji yakipungua msuguano unapanda, maranda yanaungua au tundu linaziba. Kwa paini na mashine zetu hizi za sahani yenye matundu, asilimia 12 hadi 15 ndo mahali pa kukaa, ukishuka hadi 10 bado unaweza kupata kitu lakini utaisikia mashine ikilalamika.

Kupima si lazima ununue kifaa. Chota maranda kutoka sehemu tofauti za rundo, juu, katikati, chini, changanya, pima gramu 100 kwenye mzani wa jikoni. Weka kwenye oveni nyuzi 105, kama huna oveni tumia sufuria juu ya moto mdogo kabisa huku unageuza na usiunguze, toa upime, rudisha, pima tena mpaka uzito usibadilike. Zikibaki gramu 87, unyevu ulikuwa asilimia 13. Yani hesabu ya darasa la nne. Ukishafanya mara kumi hivi mkono wako unajifunza wenyewe, unafinya maranda kwenye kiganja, yakibaki donge yamelowa, yakimwagika hapo hapo na kukuachia vumbi yamekauka sana, yakifunguka taratibu hayo ndo yenyewe.

Sasa twende kwenye dalili moja moja.

PELETI ZINATOKA ZIMEVIMBA, LAINI, ZINA NYUFA ZA KUKATISHA

Unyevu umezidi, karibu kila mara. Utaona mvuke mwingi unatoka chini ya mashine, peleti ina ngozi mbaya isiyong'aa, ukiikunja inakatika kama mhogo wa kuchemsha. Usikaze rola, yale magurudumu yanayosukuma maranda kwenye matundu, utaongeza mzigo bure. Simamisha, changanya maranda makavu zaidi, jaribu tena.

Kama umepima na uko 13 na nyufa bado zipo, angalia punje. Kwa peleti ya milimita 6 maranda yapite kwenye hama mili, ile mashine ya kusaga kwa nyundo, yenye chekeche la milimita 4 hivi, 6 ukizidisha sana. Yale maranda marefu ya kwenye randa, yaliyojikunja kama pilipili hoho iliyokatwa, usiyapeleke moja kwa moja, kila kipande kirefu ndani ya peleti ni mahali pa kukatikia. Na kabla ya hama mili weka sumaku, misumari ipo, mi nilishatoa mpaka kipande cha mnyororo.

UNATOKA UNGA TU, PELETI HAZISHIKI KABISA

Hapa sababu ni mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza maranda makavu mno, hayo yatatoka unga wa moto wenye harufu ya kuungua. Nyunyizia maji kwa bomba la kupulizia dawa, geuza, funika uache usiku mzima ili maji yaingie ndani ya punje, maana ukimimina na kuanza kazi saa hiyo hiyo unapata punje zilizolowa nje na kavu ndani, hiyo ni mbaya kuliko yote mawili.

Ya pili ndo iliyonila mimi, na ninaiona inawala wengine kila mwaka. Nilinunua mashine iliyokwishatumika, muuzaji akaniambia inafanya kila kitu, kuku, sungura, mbao. Siku nne nzima nimekaza rola, nimelegeza rola, nimebadilisha unyevu, nimeongeza unga wa muhogo eti ushike, wapi. Kumbe dai, ile sahani yenye matundu, ilikuwa ya chakula cha mifugo. Pumba za mahindi zinashika kirahisi kwa hiyo tundu lake ni fupi, mbao inataka tundu refu ili ibanwe muda mrefu na ipate joto. Hesabu yake unachukua urefu wa sehemu ya tundu inayobana unagawanya kwa kipenyo. Kwa mbao laini kama paini, tundu la milimita 6 utakuta urefu wa kubana unaanzia kama milimita 30 hivi, yani mara tano ya kipenyo. Na usipime unene wa sahani ukaridhika, tundu juu lina mdomo uliopanuliwa na dai zingine zimechimbwa upana zaidi kwa chini, sehemu hizo hazibani kitu. Ingiza kijiti, pima sehemu nyembamba tu.

Na hapo hapo niseme, ile "kilo 300 kwa saa" iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni ya chakula cha kuku. Ukiweka mbao tegemea pungufu sana, usije ukamwahidi mteja tani.

Milingoti (yani mikaratusi), miwati na paini kila moja ina msuguano wake. Dai iliyokuwa inatoa peleti safi za paini inaweza kuziba na milingoti dakika ya tano. Kama una aina mbili za mbao changanya kwa uwiano usiobadilika, au uwe na dai mbili, usiwe unatupia tu chochote ding dong walichokupa leo.

MASHINE IMEZIBA, ROLA ZINAZUNGUKA HAKITOKI KITU

Swali la kwanza, jana ulizimaje? Kama ulizima tu ukaenda nyumbani, maranda yalibaki ndani ya matundu ya moto, yakapoa yakawa mbao tena, na leo unataka rola zisukume mbao. Kabla ya kuzima lisha mchanganyiko wa maranda na mafuta, mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika yanatosha kabisa ya kwa mama chips, mpaka uone vijiti vya mafuta vinatoka chini. Vinabaki humo usiku, asubuhi vinateleza vyenyewe na vinapasha dai joto. Wengine wanaona ni uchafu na kupoteza dakika kumi. Haya, wao wana dakika kumi, mi nina siku nzima ya kuzibua matundu.

Dai mpya nayo ina kanuni yake, matundu bado yana makali ya kuchongwa. Mchanganyiko wa maranda, mafuta na mchanga laini kidogo uliochekechwa, unaulisha, unachota kinachotoka chini unakirudisha juu, tena na tena, mpaka matundu yang'ae. Mchanga ni siku hiyo tu, ukimaliza pitisha mchanganyiko wa mafuta bila mchanga utoe ule wote.

Imeshaziba? Fungua dai, loweka kwenye mafuta, alafu tundu kwa tundu, piga kwa chuma chembamba kuliko tundu au drili yenye biti ndogo kuliko tundu. Narudia, ndogo kuliko tundu. Ukikwangua ukuta wa tundu umeharibu ule mng'ao na hilo tundu litakuwa la kwanza kuziba kila siku.

Kama imeziba nusu tu, upande mmoja unatoa na mwingine hautoi, cheki nafasi kati ya rola na dai. Inatakiwa iwe nyembamba sana, sehemu ya kumi ya milimita hadi tatu ya kumi, yani karatasi inapita kwa shida. Zile bolti mbili za kukaza zizungushe sawa sawa, robo huku robo kule. Chuma kikigusa chuma utasikia mlio mkali, legeza hapo hapo. Rola zikishalika meno zinateleza juu ya maranda badala ya kuyasukuma, hizo badilisha. Dai ikilika upande mmoja, nyingi za sahani zinageuzwa upande wa pili, ila sio zote, angalia mdomo wa tundu kama upo pande zote mbili.

MOTA INANGURUMA, INAZIMA, AU INAPATA MOTO

Ikinguruma bila kuanza kuzunguka, mara nyingi fezi moja imekatika, zima haraka sana kabla haijaungua. Ikianza vizuri ila inazima ukilisha, soma ampea kwenye kibandiko cha mota, pima kwa klampu mita, kile kipimo cha kubana juu ya waya, wakati inafanya kazi, ulishaji wako uifikishe kama asilimia 80 au 85 ya hapo. Wengi wanamwaga debe zima kwa mkupuo. Kebo nyembamba ndefu kutoka kwenye mita mpaka bandani nayo inakula volti, mota inavuta ampea zaidi kufidia. Na fundi umeme akibadilisha kitu hakikisha inazunguka upande wa mshale, kubadilishana fezi mbili tu kunaigeuza.

Belti zikinukia mpira zimelegea. Beringi za rola zinataka grisi ya joto, sio ile ya baiskeli.

PELETI ZILIKUWA NZURI MASHINENI, KWENYE KIROBA ZIMEGEUKA UNGA

Peleti inatoka na joto la nyuzi 80 na kitu. Ukiipakia hivyo hivyo inatoa mvuke ndani ya kiroba, mvuke unapoa unakuwa maji, maji yanaingia kwenye peleti, inavimba, inarudi kuwa maranda. Tandaza kwenye wavu, feni ipulize, subiri ziwe na joto la mkono wako, chekecha vumbi, ndo upakie. Viroba visikae juu ya sakafu ya simenti, weka juu ya mbao. Peleti haina mjadala na maji, tone moja la bati linalovuja linaharibu kiroba kizima.

Kupima kama ni imara, maabara kwa kiwango cha kimataifa cha ISO wanatumbukiza gramu 500 kwenye boksi linalozunguka mara 500 kwa dakika 10, wanachekecha, na peleti ya daraja la juu inabaki zaidi ya asilimia 97 na nusu. Wewe chukua ndoo yenye mfuniko, tia nusu kilo, tikisa kwa nguvu dakika kumi, chuja, pima kilichobaki. Haitalingana na maabara ila itakuambia kama wiki hii ni bora kuliko wiki iliyopita. Nyingine rahisi zaidi, dondosha peleti kwenye glasi ya maji. Iliyobanwa vizuri inazama, inayoelea haikubanwa.

JIKO LINATOA MOSHI

Tangu ule mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia utoke 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, mama lishe na shule wamekuwa wakiulizia peleti, na malalamiko namba moja ni moshi. Mara nyingi ukienda unakuta peleti zimemwagwa kwenye jiko la mkaa la kawaida. Haziwezi! Mkaa ulishatolewa moshi wake kule porini kwenye tanuri, peleti ni mbao kamili, moshi wake wote bado umo ndani. Inataka jiko la gesi ya mbao, lile lenye feni ndogo, ambalo moshi unapanda unakutana na hewa ya moto kwenye vitundu vya juu na unaungua wenyewe unakuwa moto wa kupikia.

Kama jiko ni lenyewe na bado linafuka, angalia kwa mpangilio huu. Umewasha wapi? Linawashwa juu, unajaza, unaweka vijiti vyembamba au spiriti kidogo juu, moto unashuka taratibu. Ukiwasha chini utafukuza majirani. Umejaza mpaka wapi? Ukifunika vile vitundu vya juu hewa haipiti, acha vidole viwili chini yake. Betri ya feni imechoka? Moto unakuwa wa njano mlegevu. Chini ya kiroba kuna unga? Unga unaziba njia ya hewa, chekecha. Na mwisho kabisa, usiongeze peleti mpya juu ya moto unaoelekea kuisha, subiri umalize, kinachobaki ni mkaa mwekundu, unaweza kuumwaga kwenye jiko la mkaa ukachemshia maharage, hiyo ni bonasi watu wengi hawaijui.

MABONGE KAMA VIOO NDANI YA BOILA

Hii ni ya wenye viwanda. Majivu yameyeyuka, yamepoa, yameganda. Peleti safi ya mbao isiyo na maganda ina majivu chini ya asilimia 1, na yanavumilia joto kubwa. Mabua, majani na masalia mengine ya shambani yana potasiamu nyingi, majivu yake yanayeyuka mapema, na klorini iliyomo inakula mabomba. Pumba za mpunga ni hadithi nyingine, majivu yanafika asilimia 15 mpaka 20 na karibu yote ni silika, kitu kile kile cha mchanga, kwa hiyo kabla hata ya kufika kwenye boila imeshasaga dai na rola zako kama msasa. Watu wa Mbarali, wakulima wa mpunga, msinichukie, pumba zinafaa, zinachoma matofali vizuri tu, ila usizipeleke kwenye boila iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao safi alafu ukashangaa wavu umeziba.

Cheki pia mchanga. Maranda yaliyokusanywa chini kwa koleo yana udongo, na udongo unashusha joto la kuyeyuka la majivu. Zege chini ya ding dong ingemaliza nusu ya matatizo.

Na kitu kimoja ambacho sitaki kusikia mtu amefanya, vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa ya kijani. Ile dawa ina shaba, kromi na aseniki. Usisage, usichome, usimpe mtu apikie.

PELETI ZA PLASTIKI, MAANA NAZO WANANIULIZA

Hizi ni vile vipunje vya kuyeyusha. Mtu ana mashine ya kumimina vikombe au vifuniko anaona michirizi ya fedha na mapovu kwenye bidhaa, anapandisha joto, inazidi. Ukiniuliza mi nitarudi kule kule, unyevu. PET, ile plastiki ya chupa za maji, na nailoni zinanyonya maji ya hewani, yakiingia kwenye joto yanageuka mvuke na pia yanakatakata plastiki yenyewe, kwa hiyo bidhaa inakuwa dhaifu hata kama michirizi haionekani. PET inakaushwa kwa hewa kavu ya nyuzi 160 na zaidi, saa nne hivi, na hapa asilimia 13 ya maranda ni kichekesho, wanataka chini ya asilimia 0.005. PE na PP, plastiki za mifuko na ndoo, hazinyonyi, zikilowa ni maji ya juu tu, futa kausha endelea. Kwa hiyo kama ni PP na ina mapovu usihangaike na kukausha, angalia joto na hewa iliyonaswa.

KICHWA KINAUMA UKIINGIA STOO

Hii nimeiweka mwisho ila ni ya hatari kuliko zote. Peleti za mbao zikikaa, hasa zikiwa mpya, zinatoa gesi ya kaboni monoksidi zenyewe bila moto wowote, na zinakula oksijeni. Haina harufu. Ulaya gesi hiyo imeshaua watu kwenye stoo za nyumbani, na 2006 kule Helsingborg, Sweden, baharia alikufa kwenye ngazi ya meli iliyobeba peleti, hakuwa hata ndani ya mzigo wenyewe. Konteina lililofungwa wiki mbili kwenye jua la Dar sio mahali pa kumtuma kijana "ingia ushushe viroba". Fungua milango yote, acha hewa ipite vya kutosha, mtu asiingie peke yake, na mwenzako akianguka humo ndani usimkimbilie kichwa kichwa, utaanguka juu yake. Rundo kubwa nalo linajipasha joto, ukilowesha sehemu ndo kabisa, kwa hiyo chomeka fimbo ya chuma katikati, iache muda, ichomoe uishike, ikiwa ya moto anza kutandaza leo leo.